Chicago kwa Miguu, kwa Boti au kwa Lifti: Dola 30 Zinanunua Nini?

Mgeni anayefika Chicago na hamu ya kuyaona maghorofa yake hupokewa na tangazo moja popote anapogeuka: panda juu ya jengo refu, simama kwenye kisanduku cha kioo, piga picha, shuka. Ndiyo bidhaa inayouzwa kwa nguvu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayokupa kidogo kuliko zote kwa pesa yako. Kwa bei hiyohiyo ya lifti unaweza kutembezwa kwa miguu kwa saa moja na nusu au mbili na mtu anayeujua mji huu jengo kwa jengo, ukaondoka ukijua kwa nini maghorofa yalikulia hapa na yalisimamaje juu ya udongo laini.

Suala hili linawagusa wasomaji wetu wengi. Kila Oktoba wakimbiaji kutoka Afrika Mashariki, pamoja na jamaa na mashabiki wao, hufika Chicago kwa marathoni. Ndiko marehemu Kelvin Kiptum alikoweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 0 na sekunde 35 mwaka 2023. Wapo wanafunzi, wapo wazazi wanaokuja kumwona mtoto aliyehamia Illinois, na wapo wenye nusu siku tu kati ya ndege mbili. Kwa wengi wao pesa ya matembezi ni moja: ikishakwenda kwenye lifti, ya boti haipo.

Tuanze na bei. Ni za kukadiria, maana hupanda na kushuka kwa msimu na hata kwa saa, kwa hiyo zihakikishe siku unapokata tiketi. Ziara ya miguu ya Chicago Architecture Center, taasisi kuu ya usanifu ya mji huo, huwa dola 30 hivi kwa mtu mzima, yaani karibu shilingi 3,900 za Kenya. Boti ya mtoni inayoongozwa na taasisi hiyohiyo, kwa dakika 90, hukaribia dola 55 au 60. Boti za kampuni nyingine huwa kati ya dola 40 na 50, baadhi zikiwa fupi kidogo, dakika 75. Kupanda juu ya Willis Tower au jengo lililozoeleka kwa jina la John Hancock huanzia dola 30 na kitu, na wakati wa machweo bei huongezeka. Kisha kuna za bure, ambazo nitazieleza baadaye, maana bure ya Marekani ina masharti yake. Na kumbuka bei inayoonekana mwanzoni si ile utakayolipa: kodi na ada ya huduma huongezwa mwishoni, unapokuwa umeshaingiza namba ya kadi.

Dola 30 za miguu zinanunua nini hasa? Zinanunua mwongozaji. Chicago Architecture Center ilianza mwaka 1966, wakati wapenzi wa majengo ya kale walipojikusanya kuinunua nyumba ya Glessner, iliyosanifiwa na H. H. Richardson, isije ikabomolewa. Mpaka leo waongozaji wake ni watu wa kujitolea: mwalimu mstaafu, mwanasheria, mhandisi aliyeacha kazi. Hufundishwa kwa wiki nyingi na kupimwa kabla ya kukabidhiwa kundi. Hawaishi kwa bahashishi, wala hawana duka la shangazi wa kukupeleka. Hilo ukilisikia katika namna wanavyojibu maswali utaelewa kwa nini naliweka mbele ya kila kitu kingine.

Nichukue jengo moja tu, Monadnock, kwenye kona ya barabara za Jackson na Dearborn. Ukipita peke yako utaona jengo la matofali, la rangi ya kahawia iliyokolea, lisilo na pambo lolote, na utaendelea na safari yako. Mwongozaji hukusimamisha. Atakuonyesha jinsi ukuta unavyotanuka kuelekea chini, halafu atakwambia uangalie kina cha dirisha la ghorofa ya chini. Unene wa ukuta pale ni futi 6, karibu mita 1.8. Nusu hii ya kaskazini, kazi ya wasanifu Burnham na Root, ilikamilika mwaka 1891 ikiwa na ghorofa 16, na ukuta wake wa nje wa matofali ndio unaobeba mzigo. Kila ghorofa unayoongeza juu inadai ukuta mnene zaidi chini, na kila futi inayomezwa na ukuta ni futi ambayo mwenye nyumba hawezi kuipangisha. Kwa njia hiyo, ukiendelea kupanda, utafika mahali ghorofa ya chini yote ni tofali na hakuna duka.

Halafu anakutembeza hatua chache kusini. Ni jengo hilohilo, lakini nusu hii ni ya mwaka 1893, ya Holabird na Roche, na ndani yake kuna kiunzi cha chuma. Chuma ndicho kinachobeba. Ukuta umebaki kuwa kanzu tu. Ndani ya miaka miwili, katika jengo moja, namna ya kujenga imebadilika. Umetembea mita chache umepita kutoka zama moja hadi nyingine, na umeona kwa macho kwamba kilichosukuma mabadiliko hayo kilikuwa kodi ya pango kuliko sifa ya urefu.

Mwongozaji akiwa bado palepale, atakuonyesha mlango. Chicago imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi, laini na wenye maji, na mwamba uko mbali chini. Wajenzi wa Monadnock walijua jengo litazama kidogo, wakalipimia nafasi ya kuzama. Likazama kuliko walivyokadiria, jumla yake karibu nusu mita kwa miaka ya baadaye, hata ukawa unashuka kidogo kuingia mahali palipotakiwa kuwa sawa na barabara. Mambo haya hayaonekani kutoka kwenye boti, kwa sababu Monadnock haiko mtoni. Hayaonekani kutoka ghorofa ya 103 ya Willis Tower pia.

Kutoka hapo kundi huenda, kwa kawaida, hadi Rookery, jengo la mwaka 1888 la Burnham na Root haohao. Nje ni zito na la giza. Ndani kuna ukumbi wenye paa la kioo ambao Frank Lloyd Wright aliutengeneza upya mwaka 1905, kwa marumaru nyeupe iliyochorwa dhahabu. Mwanga unakuja kutoka juu, kwa sababu wakati jengo linajengwa taa za umeme zilikuwa bado changa na ofisi zilihitaji jua. Tena suala ni pango: chumba chenye mwanga kinapangishika, chumba cha giza hakipangishiki.

Na kuna kona ya LaSalle na Adams, ambapo hakuna cha kuona. Hapo ndipo lilipokuwa Home Insurance Building la William Le Baron Jenney, la mwaka 1885, ghorofa 10 na baadaye mbili zikaongezwa, jengo ambalo vitabu vingi huliita ghorofa la kwanza la kiunzi cha chuma duniani. Lilibomolewa mwaka 1931. Mwongozaji mzuri atasimama hapo na kukueleza mabishano yaliyopo kuhusu sifa hiyo, maana sehemu ya uzito wake bado ilibebwa na ukuta. Atakueleza pia moto wa Oktoba 1871, uliounguza katikati ya mji na kuacha watu 100,000 hivi bila makao, na jinsi bei ya ardhi iliyofuata, pamoja na lifti iliyokuwa imeanza kuaminika, ilivyowalazimisha watu kujenga kwenda juu. Habari hiyo ndiyo bidhaa. Jengo lenyewe halipo tena.

Kwa hiyo boti haifai? Inafaa sana, na siwezi kumlaumu anayeichagua. Mto wa Chicago unapita katikati ya mji na matawi yake matatu, na ukikaa kitako juu ya boti unayaona majengo kwa umbali unaofaa, jambo ambalo mtembea kwa miguu hulipata kwa taabu, shingo ikimuuma. Marina City, ile minara miwili ya Bertrand Goldberg ambayo ghorofa zake za chini zimejaa magari, inaeleweka vizuri zaidi ukiwa majini. Kioo cha kijani cha 333 West Wacker, la mwaka 1983, kimepinda kufuata kona ya mto, na pembe nzuri ya kulitazama ni ya mtoni. Wazee wanaoumwa magoti, wajawazito na watoto wadogo, boti ndiyo yao: ziara ya miguu inadai kusimama na kutembea karibu saa mbili bila kukaa.

Ila ujue unachokosa. Majengo ya mtoni mengi ni ya miaka ya 1920 na kuendelea: Wrigley, Tribune Tower, Merchandise Mart, kisha vioo vya zama zetu. Chimbuko lenyewe, yale ya miaka ya 1880 na 1890, liko ndani ya mji, mitaa kadhaa kutoka majini. Aliyepanda boti peke yake anaijua hadithi kuanzia katikati. Ukiamua boti, swali la kuuliza kabla ya kulipa ni nani anayezungumza: mwongozaji aliyesomea usanifu, au mfanyakazi wa boti aliyekariri maandishi. Tofauti ya dola 10 au 15 kati ya boti na boti mara nyingi iko hapo, na mimi naona inastahili. Kaa juu, mbali na injini, na beba koti hata Juni. Upepo wa mtoni hauangalii kalenda.

Sasa za bure. Iliyo bora inaitwa Chicago Greeter. Mwenyeji wa mji, naye wa kujitolea, hukutembeza kwa saa mbili hadi nne, wewe na watu wako tu, kundi lisilozidi sita, na bahashishi haitakiwi. Sharti lake ni kuomba mapema, walau wiki mbili kabla, ukitaja mtaa au jambo unalolipenda. Unaweza kuandika kwamba unataka majengo. Kinachotofautiana ni mtu utakayempata: mmoja ni mjuzi wa usanifu, mwingine ni mpenzi wa mji ambaye atakuonyesha majengo, lakini pia mkahawa na bustani anayoipenda. Hana wajibu wa kujua mlango wa Monadnock.

Naipendekeza Greeter hasa kwa familia zenye wazazi wasioelewa Kiingereza vizuri. Ziara zote kuu ni za Kiingereza, na kwenye boti kipaza sauti hakimsubiri mtu anayemtafsiria mama yake. Sentensi mbili zikikupita, jengo nalo limepita. Na Greeter mko peke yenu: anasema, unatafsiri, mama anauliza, anajibiwa. Hata ziara ya kulipia ya miguu ni bora kuliko boti kwa hilo, kwa sababu kati ya jengo na jengo kuna mwendo, na katika mwendo huo ndipo unapomweleza mzazi aliyoyakosa.

Aina nyingine ya bure ni zile ziara zinazojitangaza kuwa hazina malipo, ulipe upendavyo mwishoni. Hizi zipo katika miji mingi ya dunia. Mwongozaji wa hapo anaishi kwa unachompa, na mara nyingi kampuni humkata fedha kwa kila kichwa alichokitembeza, uwe umempa kitu au hukumpa. Anayeondoka kimya mwishoni amemwachia hasara mtu aliyemhudumia saa mbili. Katika Marekani kiwango cha kawaida ni dola 10 hadi 20 kwa mtu mzima, na ukiifanya hesabu hiyo kwa watu wanne umekaribia bei ya tiketi ya kawaida, bila uhakika wa kundi dogo. Wapo waongozaji hodari sana humo, wenye vichekesho na sauti ya kutosha mtaa mzima. Lakini usiiingize kwenye bajeti kama sifuri.

Turudi kwenye lifti, maana najua wengi wataipanda tu, na watoto wataidai. Willis Tower, zamani Sears Tower, lina mita 442 na ghorofa 110, na lilikuwa refu kuliko yote duniani kwa zaidi ya miaka 20 tangu miaka ya 1970. Ukumbi wa kutazamia uko ghorofa ya 103, mita 412 juu. Siku ya mawingu unaona ukungu mweupe, na tiketi kwa kawaida hairudishwi kwa sababu ya hewa, kwa hiyo usiikate wiki mbili kabla. Angalia anga asubuhi ndipo ulipe. Watu walio kwenye foleni ya kisanduku cha kioo hupewa muda mfupi, kisha zamu ya wengine.

Kinachonisikitisha ni kwamba umati wote ule unapanda na kushuka bila kujua jina la aliyewawezesha. Fazlur Rahman Khan alizaliwa Dhaka mwaka 1929, akaja kusoma Illinois, akawa mhandisi wa kampuni ya SOM ya Chicago. Yeye na msanifu Bruce Graham walilifunga jengo hilo kwa mirija tisa ya chuma iliyoshikana, inayoishia kwa urefu tofauti, na kwa ubunifu huo jengo likaweza kupanda juu na kuuhimili upepo bila kutapanya chuma. Yeye pia ndiye aliyeshiriki kusanifu Hajj Terminal ya Jeddah, lile jengo la mahema meupe lililofunguliwa mwaka 1981. Mahujaji wetu wa Mombasa, Zanzibar, Tanga na Kigoma wamepumzika chini ya mahema hayo kwa zaidi ya miaka 40, na Khan mwenyewe alifariki Jeddah mwaka 1982. Burj Khalifa la Dubai nalo, mita 828, lilichorwa katika ofisi ya Chicago ya kampuni hiyohiyo. Kwenye njia panda ya Jackson na Franklin, miguuni pa Willis Tower, kuna kibao cha mtaa chenye jina la Khan. Kukiona ni bure.

Mandhari ya mji mzima nayo ni bure ukitembea hadi kwenye rasi ya ziwa ilipo Adler Planetarium. Kutoka pale unayaona maghorofa yote yamejipanga, Willis likiwemo, jambo ambalo aliye juu ya Willis hawezi kulipata.

Anayependa kujitembeza mwenyewe ana bahati hapa kuliko miji mingi. Chicago Cultural Center, iliyofunguliwa mwaka 1897 ikiwa maktaba, ina kuba kubwa la kioo la Tiffany, na kuingia hakulipiwi. Ukumbi wa Marquette Building una michoro ya vijiwe vya rangi. Duka kubwa la Macy's kwenye State Street, zamani Marshall Field's, lina dari la Tiffany la mwaka 1907 juu ya vipodozi na manukato. Na kuna siri ya nauli: treni ya mstari wa Brown huuzunguka mji wa katikati juu ya reli za angani zilizojengwa miaka ya 1890, ikipita karibu na madirisha ya ghorofa ya pili na ya tatu, kwa chini ya dola 3. Kaa dirishani, pitia Merchandise Mart, usishuke mpaka imezunguka. Kwa mtu asiye na pesa ya ziara yoyote, ningeanza na hiyo.

Ningeifanyaje mimi na familia ya watu watano, watu wazima wawili na watoto watatu wanaosoma? Boti ingeikaribia dola 250 kabla ya kodi, ingawa watoto hupunguziwa. Lifti ingekula zaidi ya 130. Ningeomba Greeter wiki tatu kabla kwa ajili ya wote, nikatenga dola 60 za ziara ya miguu kwa wale wawili wenye hamu ya kweli, na wengine nikawapa treni na Tiffany. Kwa msafiri mmoja mwenye siku moja, ni ziara ya miguu asubuhi, na kama pesa inaruhusu, boti ya jioni siku hiyohiyo, kwa mpangilio huo. Ukitanguliza boti utaona vioo kabla ya kujua vilikotoka.

Siku ya wiki ina uzito wake katika hesabu. Kumbi za majengo ya ofisi, Rookery ikiwa mojawapo, hufunguliwa kwa wapita njia Jumatatu hadi Ijumaa. Tiketi ya Jumamosi ina bei ileile, ila unaweza kujikuta ukielezwa habari za ukumbi ukiwa nje ya mlango uliofungwa. Uliza unapokata: siku hiyo tunaingia ndani ya majengo yapi? Uliza pia ukubwa wa kundi na kama kuna vipokea sauti vya masikioni, maana chini ya reli za angani treni ikipita hakuna sauti ya binadamu inayosikika. Majira ya baridi ziara hupungua na boti nyingi husimama. Januari mji huo si wa kusimama nje saa mbili.

Kwa anayekaa Chicago au karibu, uanachama wa Chicago Architecture Center ni hesabu nyingine: wanachama huingia ziara nyingi za miguu bila kulipa, na ada ya mwaka hujirudisha baada ya ziara chache. Na mwezi Oktoba taasisi hiyo huandaa Open House Chicago, wikendi ambayo zaidi ya majengo mia moja hufunguliwa kwa umma bila malipo: makanisa, kumbi za zamani, ofisi za juu ambazo siku nyingine zote mlinzi angekurudisha mlangoni. Marathoni hukimbiwa Jumapili ya pili ya mwezi huo, na wikendi hiyo kwa kawaida huja wiki moja baadaye. Anayemsindikiza mkimbiaji aangalie tarehe zote mbili kabla ya kukata tiketi ya ndege ya kurudi.